Shimoni na Wasini pamoja na mzee na watoto: twende lini, na tuanzie wapi?

MzaziWaNakuru aliuliza:

Salamu kwenu nyote. Baba yangu ana umri wa miaka 74 na alifundisha historia katika shule za sekondari hadi alipostaafu. Kwa miaka mingi aliwasomesha watoto wa watu habari za pwani, lakini yeye mwenyewe hajawahi kufika kusini mwa Diani. Mwaka huu tumekubaliana kumpeleka Shimoni na kisiwa cha Wasini, katika kaunti ya Kwale, tukiwa na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka 12 na mwingine wa miaka 7.

Ninaomba ushauri katika mambo manne. Kwanza, tuna nafasi ya kusafiri ama katika likizo ya Agosti ama ile ya Desemba, na sijui ni ipi iliyo bora. Pili, baba ana maumivu ya magoti, na nimesikia kwamba kupanda na kushuka botini si jambo rahisi. Tatu, ningependa kujua kama pango la watumwa ni mahali pa kumpeleka mtoto wa miaka 7, na kama yale yanayosimuliwa humo yana msingi wa kihistoria, kwa sababu baba atauliza maswali na hatakubali majibu ya juu juu. Nne, je, ni afadhali kujiunga na safari ya siku moja inayoanzia Diani, au tujitegemee na kulala huko huko kijijini?

MkaaziWaShimoni alijibu:

Karibu sana, ndugu, na umfikishie mzee shikamoo zetu. Mimi nimezaliwa hapa na nimefanya kazi ya boti tangu ujana wangu, kwa hiyo nitajibu yale ya bahari na kuwaachia wenye elimu mambo ya historia.

Umeuliza habari za mwezi wa kalenda, lakini huku kwetu mwezi wa angani ndio unaopanga safari. Nianze na pepo. Kuanzia Aprili hadi karibu Septemba huvuma kusi, ambao huchafua bahari na kuipa mawimbi, hasa baada ya adhuhuri. Kaskazi huanza karibu Novemba na kuendelea hadi Machi, na katika miezi hiyo bahari huwa shwari zaidi na maji huwa safi kwa mtu anayetaka kuvaa miwani na kutazama samaki. Kwa hivyo, kwa mzee na mtoto wa miaka 7, ningechagua Desemba bila kusitasita. Jambo moja tu litakalokosekana ni nyangumi wenye nundu, ambao hupita katika maji yetu kati ya Julai na Oktoba, yaani wakati ule ule ambapo bahari ina hasira. Pomboo wao huonekana mwaka mzima.

Sasa tuje kwenye maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hapa kwetu hukaribia mita 4, na maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, saa ile ile ambayo wageni wengi wanataka kuteremka Wasini. Boti haiwezi kufika ufuoni, na mtu hulazimika kushuka majini na kutembea juu ya mawe yenye utelezi. Kijana hucheka na kuvua viatu, lakini mwenye maumivu ya magoti hataifurahia hali hiyo. Wakati wa maji mafu, siku moja au mbili baada ya mwezi kuwa nusu, mambo hugeuka: maji huwa yamejaa mnamo saa nne asubuhi, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na mkondo hauna nguvu. Kwa anayefuata kalenda ya Kiislamu, tafuta tarehe 8 au 9, au 23 au 24, kisha umweleze nahodha wazi kwamba una mzee, ili apange saa ya kuvuka na saa ya kurudi kufuatana na maji.

Ubaya wa maji mafu ni kwamba hutaona vizuri mashamba ya mwani ya akina mama wa Kibuyuni, kijiji cha jirani, kwa kuwa wao huyafanyia kazi bahari inapopwa sana. Huwezi kupata vyote kwa wakati mmoja, na mimi katika hali yako ningeyatanguliza magoti ya mzee.

Kuhusu njia, mkija kwa treni hadi Miritini hamna haja ya kuingia Mombasa mjini wala kupanda feri ya Likoni, kwa sababu barabara ya Dongo Kundu inawatoa upande wa kusini moja kwa moja. Mtafuata barabara ya Lungalunga, mpite Ukunda, Msambweni na mashamba ya miwa ya Ramisi, kisha mkate kushoto katika njia panda ya Kanana. Matatu za Lungalunga huwashusha watu hapo Kanana, nao humalizia safari kwa pikipiki, lakini kwa ajili ya mzee afadhali mkodi gari.

MwalimuWaKwale alijibu:

Nimefurahi kusikia kwamba mwalimu mwenzangu anakuja. Nitajaribu kumjibu kwa kiwango anachostahili.

Jina la Shimoni lenyewe linatokana na pango hilo. Wenyeji husimulia kwamba watu waliokamatwa walifungiwa humo wakisubiri vyombo vya kuwavusha, na mtembezaji atawaonyesha vyuma vilivyokitwa ukutani ambavyo inaelezwa vilitumika kufungia minyororo. Mzee akiuliza ushahidi uko wapi, mwambie kwamba sehemu kubwa ya habari za pango ni masimulizi yaliyopokewa kizazi hadi kizazi, na wazee hao hao husimulia pia kwamba wakati mwingine pango lilikuwa mahali pa kujifichia wakati wa mashambulizi, na kwamba kuna sehemu ambazo watu walizifanya mahali pa ibada na matambiko. Masimulizi haya hayapingani, kwani pango moja linaweza kuwa kimbilio la babu na gereza la mtu mwingine katika zama tofauti.

Ramani pia inasaidia kueleza. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kiliharibu vibaya mashamba ya mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na mahitaji ya vibarua wa kulazimishwa huko Pemba yakaongezeka. Mwaka uliofuata, 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba na Waingereza uliopiga marufuku kusafirisha watumwa kwa njia ya bahari na kufunga soko la Unguja. Biashara haikukoma, bali ilihamia nchi kavu: misafara ilipandishwa kwa miguu kutoka Kilwa kuelekea kaskazini kwa kufuata pwani, na watu wakavushwa kwa siri katika sehemu fupi za bahari. Mwaka 1876 misafara hiyo nayo ikapigwa marufuku. Ukisimama kwenye gati la Shimoni na kukumbuka kwamba ncha ya kaskazini ya Pemba iko umbali wa kilomita 40 na ushei tu ng'ambo ya mkondo, utaona kwamba mahali kama hapa palifaa mno kwa kazi hiyo ya siri. Katika pwani ya Kenya, hadhi ya kisheria ya utumwa haikufutwa hadi 1907, na tarehe hiyo huwashangaza wanafunzi wangu kila mwaka.

Jambo jingine ambalo mzee atalielewa haraka ni kwamba mazungumzo haya yana ukimya wake. Katika vijiji vya pwani, vizazi vya waliomiliki na vya waliomilikiwa vimeoleana, vinaswali msikiti mmoja na kuzikana, na si adabu kumuuliza mtu babu yake alikuwa upande gani. Muulize mtembezaji habari za pango kadiri upendavyo, lakini usimuulize ukoo wake.

Karibu na pango kuna nyumba ya zamani ya utawala wa kikoloni ambayo sasa ni makumbusho madogo ya historia ya utumwa, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Shimoni ilikuwa miongoni mwa vituo vya mwanzo vya Imperial British East Africa Company, kampuni iliyopata hati yake ya kifalme mwaka 1888, kabla ya serikali ya Uingereza kuichukua nchi mwaka 1895. Mkiwa njiani mnaweza pia kupita Gazi, kilikokuwa kituo cha Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896. Msipokuwa na muda wa kuingia Gazi kwa ajili ya historia, ingieni kwa ajili ya mikoko, kwani tangu 2013 wanakijiji wanauza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na msitu wao na kutumia fedha hizo kwa maji na shule.

Kuhusu mtoto wa miaka 7, mimi nimewapeleka wa umri huo. Pango lina mianya juu inayoingiza mwanga, kwa hiyo si kiza kitupu, ingawa kuna popo na sakafu ina unyevu. Mtoto huogopa zaidi pale mtu mzima anapomsimulia mateso kwa kina mle mle ndani, kwa hiyo masimulizi mazito yaacheni hadi mtakapotoka. Kwa magoti ya mzee, kuna ngazi ya kushuka, na ateremke taratibu huku mtu akimtangulia.

BintiWaWasini alijibu:

Walionitangulia wamesema vizuri, ila ninyi nyote mmelisahau swali la nne, ambalo kwa sisi wa kisiwani ndilo kubwa.

Mgeni wa siku moja kutoka Diani hufika gatini saa tatu, hupelekwa Kisite, hifadhi ya bahari, huletwa Wasini saa saba kula kaa na samaki, na saa tisa ameshaondoka. Hana lawama, amelipa na amefurahi, lakini kijiji alikiona kama mtu anayekiona kituo cha basi. Kisiwa chetu kina urefu wa kama kilomita 5, hakina magari, na uzuri wake huanza pale boti za wageni zinapoondoka, watoto wanapotoka madrasa na wavuvi wanaporudi. Mkilala usiku mmoja, Wasini au Shimoni, katika nyumba ya wageni ya kijijini, mzee atapata wazee wenzake wa kuzungumza nao barazani baada ya swala ya alasiri, na hakuna mtembezaji atakayempa yale watakayompa hao.

Awaulize habari za Vumba. Sisi wa upande wa Wasini ni Wavumba, na wenzetu wa Mkwiro, upande wa pili wa kisiwa, ni Wachifundi, na akisikiliza kwa makini atasikia kwamba Kiswahili chetu si kile alichokisahihisha kwenye madaftari. Vumba Kuu, mji wa kale wa wazee wetu, uko bara karibu na Vanga na mpaka wa Tanzania, na watawala wake waliitwa madiwani. Hapa kisiwani kuna magofu na makaburi ya zamani ambayo hatuyapandi wala hatuyakalii kwa ajili ya picha.

Bustani ya matumbawe iko nyuma ya kijiji na inasimamiwa na kikundi cha akina mama. Ni matumbawe ya kale yaliyoachwa nchi kavu bahari iliposhuka, yamesimama kama watu waliogeuka mawe, na katikati yake kumejengwa njia ya mbao juu ya mikoko. Wakati wa bamvua bahari huingia na kuyazunguka, na maji yakitoka utaona kaa wakikimbilia mashimo yao. Akina mama huchuma humo mboga ya pwani, majani manene yenye chumvi yake yenyewe, ambayo tunaila pamoja na samaki. Hapa ninatofautiana kidogo na kaka yangu wa Shimoni: bustani inapendeza zaidi maji yakiwa yanaingia, si siku za maji mafu. Lakini kwa ajili ya magoti ya mzee nakubali.

Mavazi ya kuogelea ni ya botini na majini. Kijijini wanawake wajifunge leso, na wanaume wasitembee vifua wazi. Mkikutana na mzee, mwamkieni kwanza kabla ya kuuliza njia. Usimpige mtu picha bila kumwomba. Na maji ya kunywa mje nayo ya kutosha, kwa sababu kisiwa hakina mto wala chemchemi, na tangu zamani tumeishi kwa kukinga maji ya mvua kwenye majabia, kwa hiyo mgeni anayeoga kwa maji mengi huwa anaoga mvua ya mwaka mzima.

Msafiri_wa_Barabara alijibu:

Ninaongeza neno moja la tahadhari. Tulikwenda Agosti miaka michache iliyopita, tukampata dalali aliyetupa bei nafuu mno, na hatukuuliza chochote. Tulipofika katikati ya bahari tuligundua kwamba jaketi za kuokolea maisha zilikuwa pungufu kuliko watu, na tuliporudi alasiri kusi ilikuwa imekaza, mke wangu akatapika njia nzima na watoto wakalia hadi gatini. Tulipowaona pomboo, nahodha wetu na wengine wawili waliwakimbiza kwa injini hadi wakazama na wasirudi tena. Hesabuni jaketi kabla ya kamba kufunguliwa, pamoja na zile za kimo cha watoto, na mkatae kupanda zikipungua.

MkaaziWaShimoni alijibu:

Pole sana, ndugu, na ninasikitika kwamba ulikutana na hali hiyo kwetu. Nahodha anayejua kazi yake hupunguza mwendo akiwa mbali, husogea kwa ubavuni na wala si kwa mbele, kisha huzima injini na kusubiri. Pomboo wakitaka kuja watakuja wenyewe, na wasipotaka hakuna faida ya kuwafuata. Mweleze nahodha tangu gatini kwamba hamtaki kuwakimbiza, maana wengine hufanya vile kwa kudhani mgeni atanuna asipowaona kwa karibu.

Niliacha pia jambo la hifadhi. Kisite ni hifadhi ya taifa ya bahari ambamo uvuvi hauruhusiwi kabisa, na Mpunguti iliyo kando yake ni eneo la akiba ambamo uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Zote zinasimamiwa na Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, lenye ofisi hapa Shimoni, na ada hulipwa kupitia eCitizen, si kwa fedha taslimu mikononi mwa mtu. Raia hulipa kiwango chake tofauti na wageni, kwa hiyo beba kitambulisho cha kila mtu mzima na uthibitishe viwango kabla ya kuondoka nyumbani. Uliza kama bei ya boti unayotajiwa imejumlisha ada hiyo, kwani ugomvi mwingi wa gatini huanzia hapo.

MzaziWaNakuru aliandika tena:

Nawashukuru kwa moyo mkunjufu. Nimemsomea baba majibu yote, na nilipofika kwenye mwaka 1907 alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba yeye alikuwa akitaja 1897, mwaka wa Zanzibar, kana kwamba ndio uliokuwa wa pwani yote. Ameomba nimwulize MwalimuWaKwale kama kuna wakati mzuri wa kumpata mzee wa kuzungumza naye, na kama Ijumaa ni siku mbaya.

Nimefungua kalenda na tumechagua Desemba, siku za maji mafu. Tutalala usiku mmoja Shimoni na mmoja Wasini. Kisite tutakwenda mimi na mtoto mkubwa tu, na baba atabaki kijijini na mjukuu wake mdogo.

MwalimuWaKwale alijibu:

Ijumaa si mbaya, ila kati ya saa sita na saa nane mchana msitarajie nahodha wala mtembezaji, maana wote wako msikitini. Baada ya hapo watu huwa wametulia na wana nafasi ya kuzungumza. Kama mko Shimoni siku hiyo, mimi nitakuwa gatini baada ya alasiri, na nitamsindikiza mwalimu mwenzangu hadi kwenye baraza ya wazee. Aje na miwani yake ya kusomea, kwa sababu kuna maandishi kwenye makumbusho ambayo ningependa tuyabishanie.

BintiWaWasini alijibu:

Na huyo mjukuu wa miaka 7 msimhurumie kwa kukosa Kisite. Mwambieni aje na ndara ambazo hazitelezi, na akina mama wa bustani watamwonyesha wanakoishi kaa.